Watu Wanne Wasiojuana na Mfuko Mmoja: Niliyojifunza Katika Majaribio ya Ushirikiano Mtandaoni

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kuandaa na kuendesha majaribio ambamo watu wasiojuana hukutanishwa mtandaoni kwa muda mfupi, wakagawiwa pointi zenye thamani ya fedha halisi, kisha kila mmoja akaamua, akiwa peke yake mbele ya skrini yake, kama atawafaa wenzake au atajilimbikizia. Wengi ninaowaeleza kazi hii hudhani kwamba ugumu wake uko kwenye hesabu au kwenye kuandika programu. Hesabu zenyewe ni nyepesi, na programu nzuri zipo. Ugumu halisi, ambao pia umebadilisha namna ninavyouelewa ushirikiano, uko katika kuwafanya watu wawepo pamoja, kwa wakati mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu hutoa kwa sababu anaamini kuwa upande wa pili kuna mtu mwingine anayesoma, anayeamua na atakayeona kilichotolewa. Imani hiyo ikiyumba, hata kama jedwali la takwimu linaonekana safi, kinachopimwa huwa kimeshageuka kuwa kitu kingine.

Mchezo ninaoutumia zaidi ni ule wa mfuko wa pamoja. Watu wanne hupewa pointi 20 kila mmoja, na kila mmoja huamua ni ngapi atatia kwenye mfuko wa kundi na ngapi atabaki nazo. Zilizotiwa mfukoni huzidishwa kwa 1.6, kisha hugawanywa sawasawa kwa wote wanne, aliyetoa na asiyetoa, na mchezo hurudiwa kwa raundi kadhaa. Wote wakitoa kila walicho nacho, mfuko hufikia pointi 128 na kila mmoja huondoka na 32. Wote wakizuia, kila mmoja hubaki na 20 zake. Lakini watatu wakitoa zote na mmoja akazuia, watatu hao hupata 24 kila mmoja, ilhali aliyezuia hupata 44. Hapo ndipo penye mtihani: kila pointi unayoitia mfukoni inakurudishia wewe binafsi 0.4 tu, ingawa kwa kundi zima inazaa 1.6. Ernst Fehr na Simon Gächter walitumia mpangilio wa namna hii katika makala yao ya mwaka 2000, na watafiti wengi waliofuata, mimi nikiwamo, tumeendelea kuutumia kwa sababu unaruhusu kulinganisha matokeo ya mahali na wakati tofauti.

Kwa muda mrefu michezo hii ilichezwa maabara, watu wakiwa wameketi kwenye vyumba vidogo vilivyotenganishwa kwa mbao, kompyuta zao zikiwa zimeunganishwa kwa programu ya z-Tree iliyotengenezwa na Urs Fischbacher. Kisha yakaja masoko ya kazi ndogondogo za mtandaoni, hasa Mechanical Turk ya Amazon iliyofunguliwa mwaka 2005, na mwaka 2011 John Horton, David Rand na Richard Zeckhauser wakaonyesha kuwa majaribio ya kawaida ya kiuchumi yakifanyiwa humo hutoa matokeo yanayowiana na ya maabara. Siku hizi mtafiti ana uhuru wa kuchagua programu ya kuendeshea mchezo: oTree, iliyoelezwa katika makala ya mwaka 2016, LIONESS Lab ya mwaka 2020, Empirica ya mwaka 2021, na nyinginezo. Sitakaa sana kwenye vifaa, kwa sababu kila kimoja kina ubora wake na chochote kitafaa kikijulikana vizuri na anayekitumia.

Kilichonishughulisha zaidi ni tofauti kati ya dodoso na mchezo wa papo kwa papo. Anayejaza dodoso anaweza kuanza asubuhi, akaenda kufua nguo, akarudi jioni kumalizia, na hakuna atakayedhurika. Katika mchezo wa watu wanne, anayekwenda kufua nguo anawasimamisha watu watatu. Muda wa kila mmoja uko mikononi mwa wengine, na hilo lenyewe tayari ni suala la ushirikiano kabla pointi ya kwanza haijatolewa.

Ndiyo maana sehemu ninayoitayarisha kwa uangalifu mkubwa kuliko zote ni chumba cha kusubiri, yaani ukurasa ambamo waliomaliza kusoma maelekezo na kujibu maswali ya kupima uelewa hungoja mpaka wapatikane wanne wa kuunda kundi. Kwenye skrini yangu ya uendeshaji kila mshiriki ni mstari mmoja: namba ya siri aliyopewa, ukurasa alipofikia, na sekunde zilizopita tangu alipobonyeza kitu mara ya mwisho. Ukiitazama safu hiyo ya sekunde kwa muda, utaanza kuwatambua watu kwa mwendo wao. Kuna anayesoma maelekezo taratibu, anarudi ukurasa wa nyuma, anasoma tena, kisha anajibu maswali yote sawasawa kwa mara ya kwanza. Kuna anayepita kurasa zote mbiombio, anakosea swali la kwanza, anabahatisha la pili. Na kuna yule ambaye sekunde zake zinaongezeka tu, thelathini, sitini, tisini, na hujui kama anafikiri, kama mtandao wake umekatika, au kama ameshafungua ukurasa mwingine na kukusahau.

Anayengoja haoni lolote kati ya hayo. Kwake kuna ukurasa mtupu na ahadi kwamba wenzake watakuja. Nimejifunza kwamba ukurasa huo usiposema kitu, watu huondoka haraka, na hata wanaobaki huingia mchezoni wakiwa wameshashuku. Ukionyesha wangapi wamefika na wangapi wanangojwa, muda wa juu kabisa wa kungoja, na kiasi atakacholipwa kwa dakika za kusubiri hata kama kundi halitatimia, wengi hukaa. Winter Mason na Siddharth Suri, katika makala yao ya mwaka 2012 kuhusu utafiti wa tabia kwenye Mechanical Turk, walieleza desturi ya kuwa na orodha ya watu waliokubali mapema kushiriki na kuwatangazia saa ya mchezo kabla ya siku yenyewe. Mimi pia naifuata, na faida yake nimeiona si kwenye idadi tu. Mtu aliyeahidi kufika saa fulani huja akiwa amejitengea nafasi. Mtu aliyeiona kazi kwa bahati tu, akaibonyeza kati ya kazi nyingine, huja na nusu ya akili yake.

Pamoja na maandalizi yote hayo, watu huondoka. Betri huisha, mtoto hulia, mwajiri huita, mtandao hukatika, na wengine huchoka tu. Antonio Arechar, Simon Gächter na Lucas Molleman walilinganisha mchezo wa mfuko wa pamoja, wenye adhabu (yaani mchezaji kuruhusiwa kutumia pointi zake kumpunguzia mwenzake) na usio na adhabu, maabara na mtandaoni, katika makala iliyochapishwa mwaka 2018. Mwelekeo wa jumla wa ushirikiano na adhabu ulifanana, na hilo liliwapa moyo wengi wetu. Lakini walilitaja wazi tatizo la wanaoacha mchezo katikati kama changamoto inayoitofautisha kazi ya mtandaoni na ya maabara. Maabara mtu huona aibu kuinuka na kutoka mbele ya wenzake. Mtandaoni kuondoka ni kufunga dirisha.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo kwenye jambo hili, maana hapa ndipo uamuzi wa mtafiti unapogeuka kuwa sehemu ya matokeo. Tuseme mmoja kati ya wanne ameondoka kwenye raundi ya nne. Nifanye nini na watatu waliobaki? Naweza kulivunja kundi, nikawalipa, na kuzitupa data zao. Ni njia safi kwa macho, lakini ina athari iliyojificha: makundi ambamo watu wanazuia na wengine wanakasirika yakiwa ndiyo yanayokimbiwa zaidi, nikiyatupa nitabaki na makundi yaliyoelewana, halafu nitatangaza kwamba binadamu ni washirika wazuri. Naweza kumweka kompyuta mahali pa aliyeondoka, lakini nikifanya hivyo bila kuwaambia waliobaki, nitakuwa nimewadanganya, na nikiwaambia, watakuwa wanacheza mchezo mwingine. Naweza kuendelea na watatu, na hapa nako kuna mtego wa hesabu. Nikiacha kizidishio kikiwa 1.6, kila pointi inayotolewa sasa inamrudishia mtoaji takriban 0.53 badala ya 0.4, kwa hiyo kutoa kumekuwa rahisi zaidi kuliko kulivyokuwa raundi iliyopita. Nikitaka faida ya mtoaji ibaki 0.4, lazima kizidishio kishuke hadi 1.2, na hapo wote watatu wakitoa kila kitu wanapata 24 kila mmoja badala ya 32. Hakuna njia inayouacha mchezo ule ule.

Baada ya kuyapima yote, msimamo wangu ni kwamba faida ya mtoaji isibadilike, watatu waelezwe kwa sentensi moja iliyo wazi kwamba mwenzao ameondoka na kwamba hesabu sasa itakwenda hivi, na uamuzi huo uandikwe kwenye mpango wa utafiti kabla ya kukusanya data. Kisha katika uchambuzi nawatazama walioondoka kama nilivyowatazama waliobaki: walikuwa wametoa kiasi gani, wenzao walikuwa wametoa kiasi gani, na waliondoka mara tu baada ya kuona nini. Wengine katika fani hii hupendelea kulivunja kundi, nami naheshimu sababu zao. Ninachokataa ni ile desturi ya kuandika mstari mmoja kwamba makundi kadhaa yaliondolewa, kana kwamba kuondoka kwa watu ni vumbi la kupangusa.

Uamuzi wa nani ahesabiwe unaweza kugeuza hitimisho zima. Mwaka 2012 David Rand, Joshua Greene na Martin Nowak walichapisha utafiti uliodai kuwa watu wanaoamua haraka hutoa zaidi, na kwamba kufikiri kwa muda mrefu huwafanya wajipendelee. Katika sehemu ya utafiti huo, washiriki walitakiwa kuamua ndani ya sekunde 10. Wazo hilo lilipendwa, kwa sababu linasema kwamba wema ndio unaotutoka kwanza. Mwaka 2017 maabara 21 zilirudia jaribio hilo kwa mpango uliosajiliwa mapema. Washiriki wote walipohesabiwa, tofauti kati ya walioharakishwa na waliocheleweshwa ilikuwa karibu na sifuri. Walipoondolewa wale ambao hawakutii masharti ya muda, tofauti ilijitokeza. Washiriki ni wale wale na uamuzi ni ule ule, isipokuwa kwamba safari hii baadhi yao walikuwa wametolewa kwenye hesabu. Kwa anayefanya kazi mtandaoni somo hili ni zito zaidi, maana sekunde 25 kwenye jedwali langu zinaweza kuwa tafakari ya kina, zinaweza kuwa mtandao dhaifu, na zinaweza kuwa mtu aliyesimama kufungua mlango. Nimeacha kabisa kuandika kwamba mtu amefikiri, pale ambapo ninachokijua ni kwamba amechelewa.

Sasa niseme kuhusu kinachotokea watu wanapokuwepo kweli, kwa sababu hicho ndicho kinachonifanya niipende kazi hii. Katika raundi ya kwanza, kabla hajaona lolote, mtu wa kawaida hutoa sehemu ya kutosha ya pointi zake kwa watu asiowajua na ambao hatawaona tena. Kisha raundi zinavyosonga, michango hushuka. Mteremko huo umeonekana mara nyingi sana, maabara na mtandaoni, hata nikauzoea kama mtu anavyozoea kupwa na kujaa kwa maji. Zamani baadhi ya wachumi waliueleza kuwa ni watu kuelewa mchezo polepole: mwanzoni wanakosea kwa kutoa, baadaye wanajifunza kuzuia. Lakini mwaka 1988 James Andreoni alichapisha jaribio ambamo washiriki waliomaliza raundi zao waliambiwa kuwa mchezo unaanza upya, na michango ikapanda tena. Kama kushuka kulikuwa ni kuelewa tu, kuelewa huko hakungefutika kwa tangazo moja.

Maelezo ninayoyaamini ni yale ya Fischbacher, Gächter na Fehr ya mwaka 2001. Waliwauliza washiriki wangetoa kiasi gani iwapo wenzao wangetoa kiasi hiki au kile, na wakakuta takriban nusu yao ni watoaji wenye masharti: wenzao wakipandisha, nao hupandisha, wenzao wakishusha, nao hushusha. Karibu theluthi moja walikuwa wadandiaji, wasiotoa chochote hata wenzao wakitoa zote. Kundi lenye watu wa aina zote mbili haliwezi kubaki juu kwa muda mrefu. Mdandiaji mmoja anazuia, mwenye masharti anaona wastani umeshuka na yeye anapunguza, wa tatu anaona wawili wamepunguza, na mteremko umeanza bila kuhitaji hata mtu mmoja zaidi mwenye nia mbaya.

Kuna kundi moja ambalo mfululizo wake naurejea mara kwa mara ninapowafundisha wasaidizi wapya. Watatu walianza kwa kutoa zaidi ya nusu, wa nne akatoa sifuri. Raundi ya pili watatu hao hawakushuka. Mmoja wao alipandisha hadi pointi zote 20, kana kwamba anamwita yule wa nne kwa njia pekee aliyokuwa nayo, maana mazungumzo hayakuruhusiwa. Wa nne akatoa sifuri tena. Raundi ya tatu aliyekuwa ametoa 20 akashuka hadi 5, na ndani ya raundi mbili zaidi mfuko ulikuwa karibu mtupu. Kwenye kisanduku cha maoni mwishoni, aliyetoa zote alieleza kwamba hakujali hasara ya pointi. Kilichomkera ni kuonekana mjinga. Wa nne aliandika kwamba alidhani wenzake ni kompyuta, hivyo hakuona sababu ya kutoa. Nilisoma maoni hayo mawili yakiwa yamefuatana kwenye faili moja, na nadhani hakuna kitu kilichonithibitishia zaidi kwamba kabla ya kuuliza watu wanashirikiana vipi lazima nijue wanaamini wako na nani.

Kuanzia hapo niliongeza swali la mwisho katika kila jaribio: je, ulipokuwa ukicheza uliamini kuwa wenzako ni watu halisi? Na niliongeza vitu vidogo vya kuijenga imani hiyo kwa ukweli: mchezo wa mazoezi mfupi ambamo kila mmoja anaona wenzake wakibonyeza kitufe kwa nyakati zisizolingana, na sentensi ya wazi kwenye maelekezo kwamba katika utafiti huu hakuna mchezaji wa kompyuta. Wachumi wa majaribio wana mwiko wa muda mrefu dhidi ya kuwadanganya washiriki, na naona mwiko huo una thamani kubwa zaidi mtandaoni kuliko maabara. Washiriki wa mtandaoni hufanya tafiti nyingi, za wachumi, za wanasaikolojia na za makampuni, na wengine wamewahi kuambiwa wako na watu kumbe walikuwa na programu. Mtafiti mmoja akidanganya leo, shaka inabaki kwa yule yule mtu atakayekuja kwangu kesho. Uaminifu wa washiriki ni mfuko wa pamoja wa watafiti wote, na sisi nasi tuna wadandiaji wetu.

Mambo mengine yanayobadilisha ushirikiano ni yale tunayoyaonyesha au kuyaficha kwenye skrini. Mwaka 2011 Rand, Samuel Arbesman na Nicholas Christakis walionyesha kwamba watu wanapopewa nafasi ya mara kwa mara ya kuvunja uhusiano na wasiotoa na kuunda mwingine na wanaotoa, ushirikiano hudumu. Nafasi hiyo ikiwa haba au isipokuwepo, hushuka kama kawaida. Mwaka 2015 Akihiro Nishi na wenzake waliwapa washiriki mitaji isiyo sawa, wengine wakaona utajiri wa majirani zao, yaani wale waliounganishwa nao mchezoni, na wengine hawakuuona. Ilibainika kuwa kuonekana kwa utajiri kulidhuru ushirikiano kuliko tofauti ya utajiri yenyewe. Namba ndogo kando ya alama ya jirani ilitosha kubadilisha mwenendo. Nikiisoma makala hiyo kama mtengenezaji wa skrini, naona wajibu: kila ninachokiweka mbele ya mshiriki, hata kwa ajili ya urembo, ni sehemu ya jaribio na sharti kiwe na sababu.

Kuhusu adhabu nitasema machache, kwa kuwa imeandikiwa sana. Mchezaji akiruhusiwa kutumia pointi 1 yake kumpunguzia mwenzake 3, michango hupanda, kama Fehr na Gächter walivyoonyesha. Lakini Benedikt Herrmann, Christian Thöni na Gächter, katika utafiti wao wa mwaka 2008 uliofanyika katika miji 16, waligundua kwamba katika baadhi ya miji watu huwaadhibu hata wanaotoa zaidi yao, na faida ya adhabu ikapotea. Nimeiona adhabu ya namna hiyo kwa macho yangu kwenye data, na kila mara humkuta mtoaji mwema ambaye raundi inayofuata ameshusha mkono. Kwa sababu hiyo siweki adhabu kwenye jaribio ila pale swali la utafiti linapoidai.

Utafiti ulionipa matumaini kuliko yote ni wa Andrew Mao, Lili Dworkin, Siddharth Suri na Duncan Watts, uliochapishwa mwaka 2017. Wao hawakuridhika na kikao cha dakika chache. Waliwarudisha washiriki 94 mtandaoni kwa siku 20 za kazi mfululizo, wakicheza hadi michezo 400 ya mtanziko wa wafungwa, ambamo wachezaji wawili huchagua kila mmoja kushirikiana au kumsaliti mwenzake, kila mchezo ukiwa wa raundi 10. Nadharia ya kawaida inatabiri kwamba wachezaji wazoefu wataanza kusaliti mapema zaidi kila siku, raundi ya 10, kisha ya 9, kisha ya 8, hadi ushirikiano utoweke. Siku za mwanzo mambo yalianza kwenda hivyo. Kisha yakatulia. Takriban asilimia 40 ya washiriki waliendelea kushirikiana hadi mwisho maadamu mwenzao hajawasaliti, hata walipojua kuwa wengine wanapata zaidi kwa kusaliti mapema, na kuwepo kwao kuliwazuia wengine kuteremka. Ninapokutana na mtu anayetumia jaribio la nusu saa kueleza hulka ya binadamu, humwelekeza kwenye kazi hii. Kama wangefunga hesabu siku ya tano, wangeandika hitimisho tofauti kabisa.

Lakini hebu fikiria kilichohitajika ili hayo yaonekane: watu kadhaa kuingia kwa wakati mmoja, siku baada ya siku, kwa wiki nne. Hilo haliletwi na programu. Linaletwa na malipo yanayofika kwa wakati, ujumbe unaojibiwa siku hiyo hiyo, na maelekezo yasiyobadilika njiani. Nimewaona washiriki wakirudi kwenye utafiti wa pili na wa tatu kwa sababu tu mara ya kwanza, kundi lao lilipokosa kutimia, walilipwa walichoahidiwa bila kulalamika kwanza. Wao pia ni watoaji wenye masharti, na mtafiti kwao ni mchezaji mwenzao.

Changamoto mpya inayonikosesha raha ni programu zinazoandika na kubofya kama mtu. Zamani roboti ya mtandaoni ilijulikana kwa majibu yasiyo na maana. Sasa inaweza kujibu maswali ya uelewa, ikatoa pointi kwa kiasi kinachoaminika, na ikaandika maoni yenye adabu. Katika dodoso, mshiriki bandia anaharibu mstari mmoja wa data. Katika kundi la wanne anaharibu minne, kwa sababu watu watatu halisi wamekuwa wakimjibu raundi kwa raundi, na ahadi yangu kwao kwamba wako na watu imevunjwa hata kama si mimi niliyeivunja. Ninachoamini kwa sasa ni kwamba orodha ya washiriki wanaofahamika, walioahidiwa saa na wanaorudi, ina kinga kubwa kuliko vitendawili vya kubofya picha. Inagharimu muda na inapunguza idadi, nami niko tayari kuwa na makundi machache ninayoweza kuyasimamia kwa dhamiri safi.

Jaribio ninaloliandaa sasa limetokana moja kwa moja na yule mchezaji wa nne aliyedhani wenzake ni kompyuta. Makundi yote yatacheza mchezo ule ule wa pointi 20 na kizidishio cha 1.6, bila mazungumzo na bila adhabu. Nusu yao wataona, kando ya kila mwenzao, alama inayowaka pale mtu huyo anapokuwa akisoma au akiamua, na kuzimika anapokuwa ametuma uamuzi wake; nusu nyingine wataona ukurasa wa kawaida wenye neno la kusubiri. Hakuna habari yoyote kuhusu kiasi kilichotolewa itakayoongezwa. Ninataka kujua kama kuuona tu uwepo wa mwenzako kunatosha kuinua mchango wa raundi ya kwanza, kupunguza kasi ya mteremko, na kuwafanya wachache zaidi wafunge dirisha kabla ya raundi ya 10. Mpango wa uchambuzi umeshaandikwa, pamoja na ukurasa unaoeleza tutafanya nini mtu yeyote atakapoondoka.